Krosanti za Mkia Juu

Tarehe 4 Machi

Mke wangu,

Marahaba, maana najua umeshanisalimia moyoni kabla hujafungua bahasha. Huku sote wazima. Shangazi yako mzima, mdomo wake mzima zaidi. Kuku wanataga vizuri, isipokuwa yule mweusi ambaye anakula bure na kunitazama kwa dharau. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Yale meno uliyonitengenezea yamelala kwenye kikombe yananichekea. Nikiyavaa naongea kama mtu aliyemeza kijiko, kwa hiyo nimeyapumzisha. Usikasirike. Wewe ni fundi hodari wa meno bandia, ila mimi ni mteja mbaya.

Naandika kwa sababu simu siisikii, na Shangazi yako akinisikilizia ananifikishia yale anayoyataka yeye.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita gari la mikate lilileta dukani krosanti zilizofungwa kwenye nailoni. Krosanti, mke wangu, ndani ya nailoni! Watu wazima wakazinunua mbele ya macho yangu, mimi niliyewaokea mikate hiyo ya pembe tangu hawajaota meno. Nilikula moja kwa kuilowesha kwenye chai. Ikanywa chai yote, ikabaki vilevile. Nikajilaza mchana, nikaota tanuri langu linanung'unika peke yake gizani.

Nataka kujua mji wenu mkubwa unaokaje. Meno unayo, tena yako mwenyewe, na asubuhi unapita mitaani kwenda kazini. Basi ingia kila duka la mikate, ule krosanti kwa niaba yangu, kisha uniandikie ipi imeizidi ipi. Isikilize kwanza: ganda lisipolia, huo ni mkate wa kawaida uliopindwa. Ipasue uone kama ndani mna vyumba vyumba au ni ukuta mtupu. Halafu nusa vidole vyako, siagi ya kweli haijifichi. Na kabla ya yote hayo igeuze, utazame mkia, ile ncha ya mwisho ya unga ikishaviringishwa, imelazwa wapi. Hilo usilisahau hata ukisahau mengine.

Usiniulize kwa nini. Mzee akitaka kitu, apewe.

Mumeo,
Babu


Tarehe 22 Machi

Mume wangu mwenye meno kikombeni,

Shikamoo. Mimi mzima, na chumba changu kizima isipokuwa dirisha linalogoma kufunga. Karakanani kazi zimejaa. Watu wa mji huu wanapoteza meno kama wanavyopoteza miavuli. Kinywa chako cha plasta bado kiko kwenye rafu mbele ya meza yangu, katikati ya vinywa vya wateja, na ndicho pekee kinachoonekana kinabisha. Mwambie Shangazi kitambaa chake nimekipata.

Kazi uliyonituma nimeianza. Natoka mapema, ukungu bado umekaa juu ya mapaa, na mji uko kama mtu aliyefumba macho lakini hajalala. Sikuwahi kujua kwamba saa hizo mji wote unanukia siagi. Unaifuata harufu, inakuingiza uchochoroni, inakupotea, halafu unaikuta imesimama mbele ya duka la kinyozi ambaye hajafungua. Nimepita mitaa ambayo nikirudi jioni siioni tena.

Duka la kwanza liko kona ya karakana yetu. Krosanti zao zinang'aa mpaka unaweza kujitazama. Nikaiweka moja sikioni kama ulivyosema, mama wa kaunta akaniuliza kama sikio linauma. Ililia vizuri, lakini ndani hamna kitu, upepo tu. Ya pili ni ya hotelini, kwenye ngazi za marumaru. Wanakuletea na kisu na uma, nao wanasubiri waone utaanzia wapi. Ndogo, lakini siagi ya kweli, na ndani vyumba kama sega la nyuki. Nilipofumba macho nilijikuta nina miaka minne, nimekaa juu ya gunia la unga kwenye tanuri lako, miguu inaning'inia. Ya tatu ni ya stendi ya mabasi: kubwa, nzito, ilinishika kaakaa mpaka mchana.

Zote tatu mkia uko chini.

Na hapo, Babu, nisikilize. Sikuulizi kwa nini, maana najua. Mafundi wote wanalaza mkia chini ili krosanti isifunguke motoni. Wewe peke yako unauweka juu na kuubonyeza kwa dole gumba, kwa sababu ulijifunza kwa kuchungulia dirishani kwa watu, ukaona nusu tu. Kosa lako ukalifanya sheria ya nyumba. Mafundi wanaoijua sheria hiyo ni wawili, wewe na Baba. Shangazi alishanisimulia yote: Baba alikwambia mkia unakaa chini, ukamwita mjuaji, akaoka sinia zima la mkia chini, ukawamwagia kuku mbele ya wateja. Akaondoka siku ileile kwa basi la kuja huku. Mama alishakufa, mimi nikabaki juu ya gunia langu.

Kama unamtafuta mwanao, sema unamtafuta mwanao. Usiisingizie nailoni.

Mkeo mdogo


Tarehe 15 Aprili

Mke wangu mwenye maneno,

Marahaba. Barua yako ilifika na doa la mafuta. Nikalinusa: majarini. Hiyo ni ya stendi, sivyo?

Nyumbani salama. Shangazi yako amefanya chumba cha tanuri kuwa mahali pa kupigia pasi, na magauni yake yananing'inia pale nilipokuwa natundika makoleo. Daktari amenipima, akasema moyo wangu umechoka kupanda milima. Nikamwambia mji wetu hauna mlima hata mmoja. Akasema hicho ndicho kinachomtia wasiwasi. Amenipa vidonge vyeupe.

Ile krosanti ya hoteli umeisifu kama mgeni. Ndani ilikuwa nyeupe, au ilikuwa na umanjano kidogo? Ilinukia maziwa yaliyolala? Unga wa krosanti hukunjwa na siagi yake, ukapumzishwa mahali pa baridi, ukakunjwa tena, ukapumzishwa tena. Fundi mwenye haraka siagi inamyeyukia na vyumba vyote vinaporomoka. Nikisoma barua yako naonja kidogo, ndiyo maana nataka uandike zaidi.

Juzi nimeota nimekanda unga nikausahau. Ukaumuka, ukajaa chumba, ukasukuma mlango wenyewe, ukateremka barabarani taratibu ukipita milango ya watu bila kumgusa mtu. Mimi nyuma yake na fimbo, nauita kama ninavyoita mbuzi, wala haugeuki. Ulikuwa unaelekea upande wa kwenu. Niliamka nimechoka kweli.

Kulikuwa na jambo ulitaka niseme. Nimelisahau, ndio uzee.

Wewe endelea kula. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Na uigeuze kila moja, hata ya duka baya.

Babu


Tarehe 9 Mei

Mume wangu msahaulifu,

Shikamoo. Vidonge vyeupe umeze mwenyewe. Shangazi ameniambia kuku mweusi ameanza kusinzia mchana. Mimi nina mafua madogo, si ya kutia wasiwasi. Mvua huku inanyesha nyembamba tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka umesahau kama inanyesha.

Nimekula sana, Babu. Sketi imenibana. Mtaa wa juu kuna dada wawili wana duka moja na hawasemezani. Mmoja anakanda, mwingine anaoka, na wanapeana sinia bila kutazamana. Krosanti zao ni tamu ajabu, ila huwezi kujua ni tamu kwa sababu ya nani. Ndani zina umanjano, na nilinusa yale maziwa yaliyolala uliyoyasema, nikasimama palepale mlangoni watu wanipite. Duka la karibu na hospitali wanaweka sukari juu ili usitambue ubaya. Kuna jingine lenye mlango wa bluu ambako fundi amelala kwenye kiti karibu na moto, na wateja wanajihudumia kwa kunyata, wananong'ona, hakuna anayetaka kumwamsha. Nami nilinong'ona. Krosanti yake ilikuwa ya uvuguvugu na laini, nikaila nikitembea mvuani, na kwa muda mrefu sikukumbuka nilikuwa naelekea wapi. Hiyo naiweka juu ya ile ya hoteli. Ya dada wawili naiweka juu ya zote.

Mikia yote iko chini.

Mwanzoni nilikuwa nazigeuza kwa ajili yako. Siku hizi nazigeuza kwa ajili yangu, na nikiona mkia uko chini sijui kama nimepona au nimekosa. Sura yake siijui. Ile picha iliyoko kwa Shangazi ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua, kwa hiyo namjua mkono tu. Nikikuta mkia juu sijui nitafanya nini. Nadhani nitakasirika sana.

Umebaki upande wa nyuma ya reli, kwenye maghala. Huko bado sijafika.

Mkeo


Tarehe 3 Julai

Mke wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukusalimu. Niliandika mwanzo wa Juni, hukujibu. Shangazi yako anapiga simu, unamwambia una kazi nyingi. Meno ya mji mzima yameng'oka kwa pamoja?

Huku tu wazima sote. Goti vilevile. Nimeanza kukaa kwenye ngazi ya nyuma asubuhi, kunapopambazuka, kwa sababu usingizi umenikimbia. Nakaa pale nawaza mlango wa bluu. Kwa mawazo nimeshaupita mara nyingi kuliko wewe. Juzi nilimwona yule fundi amefumbua jicho moja, akaniuliza nimemjia nani.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Babu


Tarehe 14 Julai

Babu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mimi mzima, kazi nyingi kama nilivyomwambia Shangazi. Mafua yamekwisha. Hali ya hewa nzuri.

Nimekula katika maduka mawili ya sokoni na moja nyuma ya reli. Zote ni nzuri tu, za kawaida. Sina la kuongeza.

Msalimie Shangazi. Meza vidonge.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Julai

Mke wangu,

Marahaba. Shangazi yako anakusalimu na amekutumia soksi.

Umeandika "nzuri tu". Wewe uliyekula krosanti ukapotea njia mvuani, leo umekula tatu na zote nzuri tu. Hukusema zinalia au hazilii. Hukusema rangi ya ndani. Mkia hukuutaja kabisa, na mkia ndio niliokutuma. Tena hukuniita mume, umeanza na Babu na kujiita mjukuu, kama barua ya serikali.

Njia ya mwongo fupi, na wewe uongo hujawahi kuujua, tangu ulipokuwa unalamba siagi na kuapa ni paka.

Umemwona. Niambie basi. Kama ni mgonjwa niambie. Kama ana watoto wengine niambie. Kama alisikia jina langu akatema mate, nalo niambie, nimeshalipata hilo ndotoni mara nyingi na bado naamka. Nimekuwa nikimtafuta mwanangu. Haya, nimesema, umeshinda. Sasa sema na wewe.

Babu


Tarehe 16 Agosti

Mume wangu,

Shikamoo. Soksi zimefika, nimezivaa nikiandika.

Nimemwona. Ni mzima. Hana watoto wengine ninaowajua mimi. Jina lako sijamtajia, kwa sababu sijamwambia chochote.

Lilikuwa ni duka dogo katikati ya maghala, halina hata kibao, unalijua kwa mwanga tu na kwa watu wa reli waliojipanga mlangoni. Nilichukua krosanti yangu, nikatoka nje, nikaigeuza kama ninavyofanya siku zote, na chini hakukuwa na kitu. Chini kulikuwa laini kabisa. Nikaigeuza tena. Mkia ulikuwa juu, na katikati yake kishimo cha dole gumba. Treni ilikuwa inapita, nikasubiri ipite, kama vile treni ikipita kishimo kitaondoka.

Alikubishia mpaka akahama nyumba, Babu, na hapa anaoka kwa sheria yako. Kila asubuhi, kila sinia. Nilimuuliza mama wa kaunta ya hapo mbona wanaoka hivi, akasema, "Muulize fundi Kimya mwenyewe. Mimi nimeshamwambia mara ngapi, fundi, mkia unakaa chini! Ananijibu ndivyo kwao wanavyofanya."

Ndivyo kwao wanavyofanya. Nilirudi karakanani nikaharibu seti mbili za meno.

Wanamwita Kimya kwa sababu haongei. Ana mvi na unga kwenye nyusi, na masinia anayaleta mwenyewe mbele. Nimekuwa naenda kila asubuhi tangu Juni. Siku moja nilisema napenda iliyoungua kidogo, na tangu hapo ananiwekea moja pembeni, nyeusi nyeusi kwenye pembe. Ananiambia, "Hii yako." Nasema, "Asante, fundi." Ndiyo mazungumzo yetu yote. Halafu naenda kazini nikiwa natembea juu juu, siisikii barabara. Nilidhani nitakasirika. Hasira ipo, naisikia, lakini imekaa kimya kama ile nyumba ya mlango wa bluu, na mimi ndiye ninayenyata nisiiamshe.

Ndiyo maana sikukuandikia. Nina baba anayejua napenda nini, basi hilo linanitosha. Nikimwambia mimi ni nani, huenda asubuhi inayofuata nikakuta duka lina giza. Mtu aliyekimbia mara moja njia anaijua. Usinilazimishe, Babu. Naomba sana.

Mkeo


Tarehe 5 Septemba

Mke wangu,

Marahaba. Nilichelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinikalisha. Kwa siku kadhaa sikuongea, Shangazi yako akaita daktari. Daktari akanipima, nikamwambia, "Mkia juu." Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Ndivyo kwao wanavyofanya. Maneno hayo nimeyarudia mpaka yameisha utamu, nikayaacha kidogo, nikayarudia tena, utamu umerudi.

Sikulazimishi. Huyo ni baba yako kabla ya kuwa mwanangu niliyekutuma umtafute. Kama unataka kubaki mteja, baki mteja. Nikifa hali iko hivyo hivyo, nitakuwa nimekufa najua kwamba yu hai na moto wake unawaka, na jana sikuwa na hata hilo. Nasema kweli ingawa kuiandika kumeniuma.

Ila nataka jambo moja, na usinionee huruma. Umenilinganishia za hoteli, za stendi, za dada wasiosemezana. Hizi hukunilinganishia. Zake na zangu, zipi bora? Za kwangu unazikumbuka, umezilia juu ya gunia. Nijibu kama fundi anavyomjibu fundi.

Babu


Tarehe 14 Septemba

Mume wangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Leo nilimwomba mbili, nikakaa kwenye benchi la reli nikala polepole, nikifumba macho, ya kwako nikiikumbuka upande mmoja na ya kwake mkononi. Ya kwako ilikuwa na chumvi zaidi na nilikuwa naipenda. Lakini wewe ulikuwa unabonyeza kwa nguvu, Babu, mpaka katikati inabaki mbichi kidogo, nasi nyumbani tulidhani krosanti ndivyo ilivyo. Yeye anabonyeza taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Mkia unashika, na chini ya dole gumba vyumba vyote vimesimama. Siagi yake hujui inaanzia wapi.

Za kwake ni bora. Si kwa kidogo. Ni bora kuliko za dada wawili, na kuliko zote nilizokula mji huu, na kuliko za kwako.

Nisamehe.

Mkeo


Tarehe 24 Septemba

Mke wangu,

Marahaba. Ya nini kukusamehe? Nilicheka mpaka Shangazi yako akaja mbio na glasi ya maji. Kisha nikalia kidogo, kisha nikala uji. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nimemwambia Shangazi yako aondoe magauni yake chumba cha tanuri. Ameondoa, kwa kelele, lakini ameondoa. Nimelifagia tanuri. Kulikuwa na kiota cha ndege kwenye bomba la moshi, nimekihamishia kwenye kitanda cha maua, wenyewe wamenitukana.

Kama siku moja utaamua kumwambia, na ni kama, sisemi utaamua, mfikishie maneno haya: baba yako amesema umemshinda. Usiongeze kitu. Mimi mwenyewe nilitaka kuongeza nikaona yametosha.

Babu


Tarehe 8 Oktoba

Babu, mume wangu,

Shikamoo. Naandika haraka, naomba kila mtu huko awe mzima.

Nimemwambia. Nilikaa na maneno yako mfukoni wiki nzima, kila asubuhi naingia nayo natoka nayo. Juzi nilisubiri mpaka watu wa reli wamekwisha na mama wa kaunta ametoka kutafuta chenji. Akanipa iliyoungua, akasema, "Hii yako."

Nikamwambia, "Fundi, nina salamu zako. Kuna mzee mmoja amenituma. Anasema, mwambie baba yake amesema amemshinda."

Aliweka sinia chini. Hakulitupa, alilishusha polepole mpaka likakaa. Akauliza, "Bado yu hai?"

"Yu hai. Anagombana na kuku."

Akacheka, na kicheko kikamkatikia katikati. Halafu akasema bila kunitazama, "Na wewe? Unajua mimi ni nani kwako?"

"Nimejua tangu Juni."

"Mimi tangu wiki hiyohiyo. Hilo paji la uso ni la mama yako. Nikikuona unaingia nilikuwa nainama juu ya masinia, nisije nikakutazama. Nikajisemea, nikifungua mdomo huyu harudi tena."

Mimi huku nanyata, yeye kule ananyata! Basi hapo ndipo hasira yangu ilipoamka. Nilimwambia yote, Babu, kwa sauti, nikimwaga makombo ya krosanti kila mahali. Gunia, homa zangu, siku za kufungua shule, Shangazi alivyonifunga nywele miaka yote kwa mikono ya kukandia unga. Hakujitetea. Alikuwa anasema tu, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu." Mama wa kaunta alirudi na chenji, akatuona, akatoka tena.

Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja, kwa sauti ndogo: "Nikienda, ataniambia nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Leo asubuhi amepanda basi na kibegi kidogo. Nilimsindikiza mpaka stendi. Alikaa dirishani, akaweka mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, na sura sikuiona tena. Nina hofu, Babu. Vituo ni vingi njiani na kila kituo kina mlango. Kama hakufika, usinifiche. Niandikie siku hiyohiyo.

Mkeo


Tarehe 11 Oktoba

Mke wangu,

Leo salamu zitasubiri. Amefika.

Amelala sasa kitandani kwako, anakoroma kama marehemu bibi yako. Shangazi yako alimpiga kofi la bega, akamkumbatia, akampiga tena, na sasa yuko jikoni anapika kama tuna harusi. Wiki ijayo chukua ruhusa kazini uje. Hilo si ombi.

Alishuka njiani, amekiri mwenyewe. Alishuka, akakaa kituoni, basi likaondoka. Akapanda jingine, ndiyo maana alifika leo asubuhi badala ya jana jioni.

Unataka kujua nilimwambia nini. Mke wangu, mimi nilikuwa na hotuba. Nimeitunga miaka yote aliyokuwa mbali. Zilikuwemo methali, ilikuwemo sehemu ya ukali na sehemu ya msamaha, na mahali pa kunyamaza kidogo ili anijibu. Nilikuwa chumba cha tanuri nachekecha unga, kwa sababu mikono haikutaka kukaa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikanyanyua macho, nikamwona amesimama kizingitini na kibegi chake, hajabisha hodi, haingii. Mvi kichwa kizima. Mwanangu amezeeka, na hakuna aliyenionya.

Hotuba ikanitoka kichwani yote, neno kwa neno. Nilifungua mdomo, na usisahau sina meno. Yeye naye, Kimya, amesimama tu. Tukatazamana hivyo mpaka unga ukatulia hewani. Nikaona akiendelea kusimama pale atageuka aondoke, na mimi nitakuwa nimemwachia.

Nikamwambia, "Nawa mikono."

Akaweka begi chini, akaenda kunawa.

Babu